Siku Ikoni Zilipovaa Sare

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Jumamosi moja asubuhi, nikiwa kidato cha tatu na nimeshajiona fundi wa kila kitu chenye waya, niliamua kumfanya punda alie ndani ya kompyuta ya mama.

Sauti ya punda nilikuwa nayo kwenye simu. Kuipata haikuwa kazi. Miezi ile senta yetu, upande wa Nyansurura, ilikuwa na punda wengi kuliko wanafunzi wenye kalamu, kwa sababu dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kilima cha nyuma na mawe yote yalishuka kwa migongo yao. Wachimbaji wenyewe huita hali hiyo rashi. Maana yake ni kwamba jioni unalala umezungukwa na mtama na ng'ombe wa jirani, asubuhi unaamka kuna maturubai mpaka karibu na choo chenu, na kijana mmoja wa Kigoma anakuuliza kwa upole kama maji ya kuogea yanauzwa hapa au mbele.

Mama alikuwa na steshenari pale barabarani. Alitoa fotokopi, alichapa barua za maombi, alipiga picha za pasipoti. Watu walimwita Mama Steshenari, na mimi wakaniita Steshenari Mdogo, jambo ambalo shuleni halikunisaidia hata kidogo. Lakini tangu rashi ianze, kazi yake kubwa ilikuwa vitambulisho.

Kwenye rashi hakuna anayejulikana. Mtu anashuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, akiwa anaitwa kwa jina la mkoa wake au la timu anayoshabikia. Akipatwa na jambo huko chini, hakuna anayejua ampigie nani. Kwa hiyo kikundi cha wachimbaji kilikubaliana na mama: kila anayeshuka awe na kadi, na mama aweke kwenye programu picha yake, jina lake la kweli, kwao wapi, na namba ya simu ya ndugu mmoja.

Hiyo namba ya ndugu haikuandikwa kwenye kadi. Mwanzoni iliandikwa, halafu wakatokea matapeli wanaookota kadi na kumpigia mzazi wa mtu kule Tabora, "Mwanao amefukiwa, tuma hela ya jeneza," wakati mwanawe yuko kijiweni anakunywa supu. Mama akaiondoa. Tangu hapo namba za ndugu zikabaki mahali pamoja tu: ndani ya ile programu, ndani ya ile kompyuta, juu ya ile meza niliyokuwa nimekaa mimi Jumamosi hiyo na punda wangu.

Mama alikuwa ameenda kusaga. Mpango ulikuwa hivi: akirudi abofye ikoni ya vitambulisho, na badala ya programu asikie punda. Nikabofya kulia juu ya ikoni, ikatoka ile orodha, nikachagua mstari wa kufungua kwa kitu kingine, nikachagua pleya ya muziki, ambamo punda nilikuwa nimeshampakia. Chini kulikuwa na kiboksi chenye tiki kinachosema tumia hiki siku zote. Nikakiacha na tiki yake. Nani anataka punda wa siku moja.

Ikoni ikageuka, ikawa ya rangi ya chungwa kama ya pleya. Vizuri. Halafu ya jirani yake ikageuka. Halafu zote, kama wanafunzi walioona mwalimu wa zamu anakuja na kila mmoja anachomekea shati. Ndani ya sekunde tatu kioo kizima kilikuwa kimevaa sare. Programu ya kuandikia barua, chungwa. Ya skana, chungwa. Ya vitambulisho, chungwa. Zilizobaki na nguo zao za nyumbani zilikuwa mbili tu, ile ya kompyuta yenyewe na ile ya pipa la taka.

Punda hakulia. Kila nilichobofya kilifungua pleya, na pleya ikaniambia kwa Kiingereza chenye adabu kwamba faili hili haiwezi kulicheza.

Nikazima, nikawasha. Sare. Nikazima tena, nikaingia kwa ile njia ya kugongagonga kitufe wakati mashine inawaka, ambayo mwalimu wa kompyuta alitufundisha kwa kuchora ubaoni, kwa sababu shule ilikuwa na mwalimu wa kompyuta lakini haikuwa na kompyuta. Sare. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu mpaka mia, nikachomeka. Sare, tena sasa niliona kama zimepigwa pasi.

Mama akaingia na ndoo ya unga.

"Mbona unatoka jasho?"

"Inajisasisha, mama. Isiguswe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Yenyewe ndiyo inajua."

Nikakizima kioo. Mama akaniangalia kidogo, akaweka ndoo chini, akaanza kukata karatasi za picha. Nikasema moyoni, nimepata siku nzima ya kutafuta dawa. Nilikuwa nimepata kama dakika kumi.

Pikipiki ilisimama nje bila kuzimwa. Aliyeingia ni katibu wa kikundi, mtu wa Singida, mrefu, ambaye siku zote hata akipewa kiti husimama na kuegemea mlango. Siku hiyo alikaa. Matope yalikuwa yamemfika magotini, na simu alikuwa ameishika mkononi ikiwa hewani.

"Mama, fungua mashine. Jiwe limemlalia kijana wetu."

"Yupi?"

"Kigoma."

Ndiye yule wa maji ya kuogea. Hatukuwa na jina lake lingine. Katibu akaeleza kwa haraka: jiwe lilimkamata mguu alfajiri, walimtoa saa mbili, gari likamkimbiza hospitali Mugumu. Daktari ameuangalia mguu na kusema hauponi, ukatwe kabla sumu haijapanda. Na Kigoma, akiwa na akili zake zote, amekataa kuweka sahihi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema mguu huu alipewa na mama yake. Hautoi bila kumwambia."

"Si ampigie."

"Simu ilikuwa mfuko wa suruali, upande huo huo wa mguu. Imekuwa unga. Laini yenyewe aliinunua njiani, imesajiliwa kwa jina la mtu hata hamjui. Na namba ya mama yake hana kichwani." Akanigeukia mimi. "Wewe ya mama yako unayo kichwani?"

Nikajaribu. Nilifika tarakimu ya sita.

"Daktari amempa mpaka saa ngapi?" mama akauliza.

"Hakutaja saa. Amesema kila saa inayopita, kipande cha kukata kinaongezeka urefu."

Mama akaweka mkasi mezani. Alinyoosha mkono kuelekea kompyuta.

"Washa."

"Mama, bado inaji..."

"Washa, mura." Kwa lugha yetu mura ni kijana, na mama akiniita hivyo mjadala umekwisha.

Nikawasha. Ile mashine ilikuwa nzee, ilinunuliwa Mwanza ikiwa imeshatumika na watu wawili, na kuwaka kwake kulichukua muda wa kumenya viazi vya watu wanne. Siku nyingine nilikuwa naichukia kwa hilo. Siku hiyo nilitamani isiwake kabisa. Ikawaka. Sare zikajipanga.

Mama akachukua mausi mwenyewe, akabofya pale ambapo programu yake hukaa. Pleya ikafunguka. Akafunga, akabofya tena. Pleya.

"Hii nini?"

"Labda virusi," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Ningeweza kulifukuza likarudi, lakini mama alishasimama mlangoni anamwita fundi.

Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu mlango wa tatu kutoka kwetu. Ufundi aliusomea ng'ambo ya mpaka wa Sirari, akarudi na begi la bisibisi na Kiswahili cha huko. Akaja, akatazama kioo, akapiga mluzi.

"Mathe, hii ni virusi. Imekula mashine yote. Dawa yake ni moja pekee yake. Kupiga window."

Kwetu kupiga window ni kama panadoli. Kompyuta ikiwa nzito, piga window. Ikikataa kuchapa, piga window. Niliwahi kumwona fundi huyo huyo akitaka kuipigia window mashine ambayo ilikuwa haijachomekwa ukutani. Kazi yenyewe ni hii: unaweka sidii, unafuta kila kilichomo kwenye diski inayoitwa C, unaweka mfumo upya, mashine inaamka kama mtoto aliyezaliwa jana na haikumbuki mtu.

"Na namba za watu?" mama akauliza.

"Vitu ya maana watu huweka D. Mimi naosha C. D siigusi."

"Una uhakika?"

"Mathe, niko na hii kazi miaka."

Akaweka sidii. Mashine ikajizima, ikawaka na kioo cha bluu chenye maandishi meupe. Hapo nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu mimi nilijua kitu ambacho wao hawakujua. Wiki kadhaa nyuma niliwahi kuchimba ndani ya ile programu kutafuta inapoficha picha, nikitaka kuibadilisha picha ya binamu yangu niweke ya mbuzi. Niliipata. Programu ile haiweki chochote D. Picha, majina, namba, vyote vinakaa kwenye folda yake, na folda yake iko C.

Ningesema. Lakini nikisema hivyo, fundi atauliza nimejuaje, na akishauliza nimejuaje, atauliza na mengine. Nikapiga hesabu ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Wakipiga window, namba zinafutika. Na kile kiboksi chenye tiki kinafutika nacho. Hakuna atakayejua kamwe. Watasema virusi, na virusi havina mama wa kuvichapa.

Katibu alikuwa bado na simu, ameiweka spika. Kule Mugumu alikuwepo mwenzao mmoja kando ya kitanda.

"Mmefikia wapi?" sauti ya kule ikauliza.

"Fundi yupo. Mvumilie kidogo."

"Vidole vyote vimeshakuwa vyeusi, katibu. Mwenyewe anaviangalia. Hataki tumfunike."

Fundi akashusha mshale mpaka kwenye C. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akanyanyua kidole kutafuta kitufe.

"Usibonyeze," nikasema.

Kidole kikabaki hewani.

"Namba ziko C. Na si virusi. Ni mimi."

Mama hakugeuka. Katibu ndiye aliyeuliza, polepole, kama mtu anayemuuliza kichaa mwenye panga.

"Wewe umefanyaje?"

"Nilitaka punda alie."

"Nini alie?"

"Punda."

Kule kwenye spika yule mwenzao akauliza, "Amesema nani analia?"

Nikaeleza yote kwa pumzi moja: ikoni, orodha, pleya, tiki. Nilitegemea kofi kutoka kushoto, ambako mama alikuwa amesimama. Halikuja, na kutokuja kwake kukaniumiza shingo. Fundi ndiye aliyeonekana kuamka. Aliondoa mkono kwenye kibodi kama aliyeshika jiko la moto.

"Dogo, sikiza vizuri. Uliguza programu yenyewe ama ikoni?"

"Ikoni."

"Zikageuka zote?"

"Zote. Zilibaki mbili, ya kompyuta na ya pipa la taka."

"Hizo mbili zikibofywa zinafunguka?"

"Sijajaribu."

"Asubuhi yote hujajaribu?"

Nilikuwa sijajaribu. Nilikuwa nimebofya zile zilizoharibika tu, tena na tena, nikitegemea zione aibu.

Fundi akatoa sidii, akaitupa kwenye begi lake. "Hizo ikoni zingine ni vibao vya njia tu. Kibao kinasema nyumba iko wapi. Wewe umegeuza vibao vyote vikaonyesha kwa mwimbaji. Lakini nyumba haijahama. Hizo mbili si vibao, ndio maana hukuziweza. Tutapita huko, tuingie kwa mlango wenyewe."

Mashine ikawaka upya. Viazi vya watu wanne. Mama alikuwa amekunja mikono, anatazama kioo bila kupepesa. Fundi akanipa kiti.

"Kaa wewe. Wewe ndiye unajua folda."

Nikabofya ikoni ya kompyuta yenyewe. Ikafunguka. Nikaingia C, nikaingia kwenye folda ya programu, nikaitafuta ya vitambulisho. Ndani kulikuwa na mafaili kama hamsini, majina yake kama mtu aliyepiga chafya kwenye kibodi.

"Tafuta yenye mwisho wa kujiendesha," fundi akasema. "Hapana, hiyo ni ya kuiondoa programu, ukibofya hiyo nakukata mkono mimi mwenyewe. Shuka. Shuka. Hiyo."

Nikabofya mara mbili. Mshale wa mausi ukageuka kiduara, ukazunguka. Kikatokea kile kidirisha cha mwanzo chenye picha ya kadi. Katibu akavuta pumzi. Mama akasogea.

Ndipo kioo kikasinyaa, taa ya darini ikawa kama kaa la jiko, na mashine ikajizima.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Saa hizo ndipo makarasha yote ya senta huwashwa, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kila moja inakunywa umeme kama ng'ombe watano. Betri ya chini ya meza, ya kushikilia kompyuta umeme ukishuka, ilishakufa zamani, tulikuwa tunaitumia kuwekea miguu. Fundi akawasha tena. Mashine ikafika nusu, ikazima. Akawasha. Ikazima.

Katibu akasimama. Akaweka simu mezani, hewani vile vile, akatoka. Tulimsikia akienda karasha la kwanza, na tukasikia ugomvi.

"Zima."

"Nazima vipi, nina mawe ya watu ndani."

"Kigoma yuko mezani anakatwa mguu. Zima."

Likazima. Akaenda la pili. Hapo ilichukua muda zaidi, sauti zikapanda, nikasikia mtu akimuuliza yeye ni nani senta hii. Kisha likazima nalo. La tatu, la nne. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia senta yetu bila makarasha tangu rashi ianze. Kuku walisikika. Mtoto wa nyumba ya nyuma alisikika akiomba maji. Taa ya darini ikarudi nyeupe.

"Washa," mama akasema.

Safari hii nilipitia njia ile bila kuambiwa. Kompyuta, C, folda, shuka, shuka, mara mbili. Kiduara. Kidirisha. Programu ikafunguka.

Wachimbaji walipangwa humo kwa majina yao ya kweli, na jina la kweli la Kigoma hakuna aliyelijua. Kulikuwa na njia moja tu, kupitisha kadi moja moja na kutafuta uso. Nikabonyeza mshale. Uso. Uso. Uso. Na chini ya kila uso kulikuwa na nafasi ya namba ya ndugu, na mimi ndiye niliyezijaza nyingi, kwa mkono wangu, nikiwa na haraka ya kwenda mpira. Hataki. Hana. Ataleta. Hataki. Ataleta. Ataleta. Sikuwa nimewahi kuzisoma zikiwa zimefuatana hivyo. Kila niliyempita nikawa namwomba Kigoma awe mbishi, awe alinisimamia mpaka nikaandika.

"Polepole," katibu akasema nyuma yangu. Alikuwa amerudi, na shati lake lilikuwa limechanika kola.

Uso. Uso. Halafu huyo hapo, amefumba macho. Nilipompiga picha nilimwambia anakaa kama mtu anayejitambulisha polisi, akacheka, nikabonyeza katikati ya kicheko. Mama aliniambia siku hiyo nirudie picha ile. Sikurudia.

Chini yake: Uhusiano, mama. Namba, ipo. Tarakimu kumi.

"Soma," mama akasema.

Nikasoma. Katibu akaandika kiganjani kwa kalamu, akapiga kwa simu ya mama, spika. Ikaita. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo mama," katibu akasema. "Napiga kutoka Mara, kuhusu mwanao. Amepata ajali..."

Ikakatwa.

Akapiga tena. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga mara ya tatu, ikakatwa kabla hajafungua mdomo. Kule Mugumu, kwenye simu nyingine, nilisikia mtu akiguna, na nikajua ni nani.

"Anadhani ni tapeli," fundi akasema.

Mama akaichukua simu yake kutoka mkononi mwa katibu. Akapiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Nimesema sina hela," sauti ikasema.

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke mwenzako. Sitaki hela."

"Kila asiyetaka hela ndiye anayetaka. Mwanangu yuko Mwanza, anauza nguo."

Mama akafumba macho, akayafumbua. "Sawa. Usiniamini mimi. Nakupa sauti, usikilize. Ikiwa si yake, kata na usipokee tena."

Akaweka simu yake mezani, akaisogeza ile ya katibu, akazilaza zikitazamana, moja kichwa kwa mwenzake miguuni, ili mdomo wa hii uwe kwenye sikio la ile. Sisi wanne tukainama juu yake. Kule Mugumu yule mwenzao akamwekea Kigoma simu karibu.

Alisema neno moja tu la kwao. Sijui maana yake. Nikadhani upande wa pili umekata tena, nikaangalia kioo cha simu, sekunde zilikuwa zinaendelea.

Kisha mama yake akaanza kuuliza. Maswali mafupi mafupi, kwa lugha yao, kama mtu anayehesabu kuku jioni asiache hata mmoja nje. Kigoma akajibu kila moja. Mara moja sauti yake ikakatika katikati, na mama yake akasubiri, hakumsaidia, mpaka akamalizia mwenyewe. Halafu yule mama akageukia Kiswahili, akasema kwa sauti kubwa ya mtu anayejua anasikika mbali.

"Daktari yupo hapo?"

"Muuguzi yupo, mama," yule mwenzao akajibu.

"Mwambie akate. Mimi nilizaa mtu, mguu ulikuja naye tu. Na wewe unayemshika, mpe kalamu nisikie akiandika."

Hatukusikia kuandika, kuandika hakuna sauti kwenye simu. Tulisikia karatasi. Halafu tukasikia magurudumu ya kitanda.

Katibu akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Baada ya muda makarasha yakaanza kuwaka, moja, jingine, na taa ya darini ikaanza kufifia. Fundi alirudi jioni umeme ulipotulia. Akanifundisha jinsi ya kuingia kwenye daftari la ndani la mfumo, mahali ambapo kila aina ya faili imeandikiwa nani wa kuifungua, na kufuta ule mstari niliouandika kwa tiki yangu. Tukazima na kuwasha, na ikoni zote zikarudi na nguo zao. Kazi yenyewe haikufika dakika tano. Akakataa malipo. "Leo sina uso wa kulipisha mtu," akasema, "mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka kidole."

Jua likiwa linazama katibu akapiga simu. Kigoma ametoka salama. Wamekata juu ya goti. Nilitaka kumuuliza kama asubuhi, kabla ya sidii na kabla ya virusi vyangu, goti lingebaki. Nilifungua mdomo kabisa. Sikuuliza, na katibu naye hakusema.

Tangu nilipotaja punda, mama hakuwa amenisemesha zaidi ya "washa" na "soma". Alifunga dirisha la steshenari, akafunga kufuli la kwanza, akafunga la pili, akaweka funguo kwenye kitenge. Kisha akasema:

"Kesho utapanda gari la kwanza kwenda Mugumu. Utamwambia ni wewe. Akikufukuza utatoka ukae nje ya mlango, usirudi hapa, maana mama yake yuko njiani siku mbili, na mpaka afike, yule mtoto ni wangu."